Storms of Life ya Randy Travis: albamu ya kwanza, nyimbo 10, na sauti isiyokubembeleza

Watu wengi Randy Travis, mwimbaji wa kantri wa Marekani, wamemjua kupitia Forever and Ever, Amen, ule wimbo unaopigwa sana kwenye harusi, na mimi nilikuwa humo humo, nikaishi nao miaka bila kujiuliza huyu jamaa alianzia wapi. Siku nilipoamua kurudi nyuma kuisikiliza albamu yake ya kwanza nilitegemea nikutane na nyimbo za mapenzi matamu kama ule, aisee sikukuta hicho kitu kabisa. Storms of Life iliyotoka mwezi wa 6 mwaka 1986 chini ya lebo ya Warner Bros. imejaa ndoa zilizovunjika, watu wanaokunywa peke yao, mtu anaongea na picha usiku kucha, na mtu mmoja anayetaka kuchepuka na anajua kabisa pete iko kidoleni. Na ndio albamu yake bora. Nasema hivyo nikiwa nimezisikiliza zile zingine pia, zikiwemo zilizouza zaidi.

Ili ujue kwa nini ilishtua watu lazima ujue hali ilikuwaje Nashville, mji wa Marekani ulio kitovu cha muziki wa kantri, kipindi hicho. Mwanzoni mwa miaka ya 80 kantri ilikuwa imelewa na filamu ya Urban Cowboy ya 1980, kila mtu kavaa kofia na buti, studio zikajaa vinanda laini na vayolini za kupamba, kila wimbo unataka kupigwa na redio za pop. Halafu ile fasheni ikapoa, mauzo yakashuka, mpaka 1985 magazeti makubwa ya Marekani yakawa yanaandika kama vile kantri inakufa. Kulikuwa na watu wachache wanaoshikilia mambo ya zamani, George Strait alishaanza tangu 1981, Ricky Skaggs naye yupo, Reba McEntire naye akaanza kurudi kwenye fidla na gitaa la stili, lile linalopigwa likiwa limelazwa na sauti yake inateleza. Lakini lebo zenyewe bado ziliona kuimba kantri ya wazee ni kutafuta hasara.

Ndio katikati ya hapo anatokea kijana wa Marshville, North Carolina, jina lake halisi Randy Traywick, amezaliwa 1959. Ujana wake ulikuwa wa fujo, pombe na polisi, mpaka mama mmoja mwenye klabu pale Charlotte anayeitwa Lib Hatcher akamchukua baada ya kushinda shindano la kuimba kwenye klabu yake, hakimu akakubali kijana akae chini ya uangalizi wake. Huyo huyo akawa meneja wake, na baadae sana mke wake pia, lakini hiyo ni stori ndefu ya siku nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 70 alitoa singo kwa jina lake la Traywick ikafika namba 91 kwenye chati ya kantri na ikaishia hapo. Wakahamia Nashville, Lib akapata kazi ya umeneja kwenye klabu ya Nashville Palace, na kijana akawa jikoni anapika na kuosha vyombo, halafu anavua aproni anapanda jukwaani kuimba kwa jina la Randy Ray, akimaliza anarudi jikoni. Lebo za mjini pale zilimkataa, na sababu ni ile ile kila mara, wewe ni kantri sana. Hebu fikiria, mji wa kantri unamkataa mtu kwa kosa la kuwa kantri!

Aliyemwona ni Martha Sharp wa Warner, akamsaini 1985 na akamshauri abadilishe jina tena liwe Travis. Prodyuza akawa Kyle Lehning, ambaye kwa maoni yangu ndio shujaa wa pili wa hii albamu kwa sababu alijua kunyamaza, nitarudi kwake.

Wimbo wa kwanza kwenye albamu ni On the Other Hand wa Paul Overstreet na Don Schlitz, huyu Schlitz ndio yule aliyeandika The Gambler uliombeba Kenny Rogers. Stori yake ni fupi. Mwanaume yuko na mwanamke ambaye sio mke wake, anamwambia wazi, kwa mkono huu nikihesabu sababu za kubaki na wewe usiku huu ni nyingi sana na sioni ubaya wowote, lakini kwenye mkono mwingine kuna pete ya dhahabu inanikumbusha kuna mtu hatanielewa. Kwa Kiswahili tunasema upande mmoja na upande wa pili kwa hiyo ule utamu wa maneno unapotea kidogo ukitafsiri, kwa Kiingereza upande ni mkono na kwenye mkono ndipo pete ilipo, yaani methali nzima inageuka kuwa kitu unachoweza kukishika. Na kuna sehemu anarudia tena lile neno la mkono kwa maana nyingine kabisa anapomsifia yule dada, hao waandishi walikaa chini wakafikiri.

Mtu mwingine angeimba hii kwa kisebusebu na kiroho papo, angeweka madoido, sauti ingetetemeka ili ujue anateseka. Randy anaimba kama anayeongea na mtu mmoja tu aliyekaa karibu. Hapandi juu kwenye kiitikio, anashuka. Akifika kwenye ile pete sauti inaingia chini kabisa kwenye kifua, analikunja neno moja katikati kama waimbaji wa kantri wa zamani George Jones au Lefty Frizzell walivyokuwa wanafanya, kisha analiacha. Hakuombi umwonee huruma na hakuombi umsifu kwa kuwa mwaminifu, maana ukisikiliza vizuri wala sio mwaminifu sana huyu, kashafika mbali, kashambusu tayari. Anachofanya ni kusimama pale mlangoni na kukuambia ukweli wote wa pande zote mbili.

Sasa sikia kilichotokea. Wimbo huo ulitolewa 1985 kama singo na ukafika namba 67. Sitini na saba! Ukafa. Wakatoa wimbo mwingine unaoitwa 1982 ukafika namba 6, watu wakaanza kuuliza huyu nani, ndipo lebo ikachukua uamuzi wa ajabu, wakairudisha sokoni ile ile rekodi iliyofeli, hawakurekodi upya, na majira ya joto 1986 ikafika namba 1. Kila nikisikia mtu anasema wimbo fulani ulifeli kwa sababu ni mbaya huwa naukumbuka huu. Hakuna kilichoongezwa kwenye ule mkanda, masikio ya watu ndio yalikuwa yamezoea sauti yake kupitia wimbo mwingine. Mwaka huo huo wa 1986 ukachukua tuzo ya wimbo bora wa mwaka ya CMA, chama cha muziki wa kantri Marekani, na yeye akachukua ya msanii chipukizi, na kabla mwaka haujaisha akaingizwa uanachama wa Grand Ole Opry, lile onyesho kongwe la kantri la Nashville.

Wimbo unaobeba jina la albamu unafuata, mvua, majuto, mtu anayehisi dhoruba za maisha zinamsomba. Ni mzuri, unatulia vizuri baada ya ule wa kwanza, ingawa nakiri sio ninaourudia mara kwa mara. My Heart Cracked (But It Did Not Break) ni wa kuchangamsha, moyo umepata ufa ila haujavunjika, jikaze kisabuni maisha yaendelee, dakika chache umeisha na hauna makuu.

Halafu inakuja Diggin' Up Bones, na hapa naomba nikae kidogo.

Kwetu tukisema mtu anafukua makaburi tunamaanisha anarudisha mambo yaliyokwisha, na ndio maana huu wimbo ukitafsiriwa hauhitaji hata maelezo, ni kitu tunachokisema kila siku. Jamaa kaachwa. Usiku anatoa picha ya mke wake kwenye droo, anaiweka mezani, anaongea nayo mpaka saa 10 alfajiri. Anasoma barua za zamani mpaka kunakucha. Anapekua kwenye vito anakuta pete zao za ndoa, yake anaivaa kidoleni, ya mke anaitupa kwa nguvu upande wa pili wa chumba. Hicho kitendo kimoja, kuvaa yako na kutupa ya mwenzio, kinasema zaidi ya nyimbo nyingi za kulia ninazozijua, kwa sababu ni upuuzi ambao mtu mwenye maumivu kweli anaufanya, hasira na mapenzi vyote kwa mpigo, na hakuna mtu anayekuangalia. Na mdundo wake sasa! Sio wa kuomboleza hata kidogo, unatembea, unaweza kuucheza, fidla inacheka cheka pembeni. Nimeona watu wanaimba kiitikio kwa furaha kabisa wakiwa hawajashtuka wanaimba nini. Nadhani huo ndio ujanja wake, mtu akishafukua usiku mwingi mfululizo inakuwa mazoea, hata uchungu unapata mdundo. Ulifika namba 1 vile vile na ulistahili.

No Place Like Home ndio unafunga upande wa kwanza wa sahani ya santuri, ni wa Overstreet pia, mwanaume anatakiwa kuondoka nyumbani kwake na moyo haumruhusu. Ulifika namba 2. Angalia walivyoupanga, wimbo wa kwanza pete bado iko kidoleni na jaribu liko mlangoni, wa nne pete imetupwa, wa tano mtu anaondoka nyumbani. Sijui kama walikusudia hivyo ila ukiusikiliza huo upande moja kwa moja unapata ndoa nzima inavyobomoka, na ndio maana nashauri usiweke kwenye shafo, yaani nyimbo zichanganywe mpangilio, utaharibu.

Ukigeuza sahani unakutana na 1982. Anapiga simu, anamwomba opereta amuunganishe na mwaka 1982 ili aombe msamaha kwa yale ambayo hakuyafanya. Basi, hicho ndicho kisa chote. Wakati unatoka, 1982 ilikuwa ni juzi tu, miaka mitatu minne nyuma, mtu alikuwa anajuta jambo ambalo bado lina joto. Leo unausikiliza ule mwaka uko zaidi ya miaka 40 nyuma na hata opereta mwenyewe hayupo, hakuna wa kumwambia niunganishe, na wimbo umezidi kuuma badala ya kuzeeka. Sikutegemea hilo. Nyimbo nyingi zenye mwaka kwenye jina zinachakaa na huo mwaka wake, huu umefanya kinyume kwa sababu simu yenyewe imepotea pamoja na yule dada. Hapa pia sauti ndio inafanya kazi, anamwomba opereta kwa adabu, kama mtu anayeamini kabisa kwamba inawezekana, akiongeza kilio kidogo tu hapo wimbo ungekuwa kichekesho.

Send My Body ameuandika mwenyewe, mtu anaagiza mwili wake urudishwe nyumbani kwa treni ya mizigo na hajali kama hasafiri daraja la kwanza. Unakimbia, una vionjo vya bluegrass, ile kantri ya kasi ya banjo na fidla, na baada ya majonzi ya 1982 unahitaji kitu kama hicho. Messin' with My Mind ndio wimbo pekee ambao ningeuondoa. Wamejaribu kuuwekea ubluuzi kidogo, mdundo unataka kuwa wa mjini, na sauti ya Randy haitaki kwenda huko, inakuwa kama nguo ya kuazima. Sio mbaya kiasi cha kuzima redio ila kwenye albamu ya nyimbo 10 tu kila nafasi ni ya thamani na huu unaikalia bure.

Reasons I Cheat sasa, ambao pia ni wake mwenyewe, ndio ushahidi wangu mkubwa kuwa huyu mtu hakuwa sauti tu. Mwanaume anaorodhesha sababu za yeye kutoka nje ya ndoa, siku ndefu za kazi, nyumbani hakuna neno jema, ndoto zilizochuja, umri unakwenda. Hasemi samahani. Hasemi pia kwamba ana haki. Anataja tu, sababu baada ya sababu, taratibu kabisa, huku gitaa la stili likilia nyuma yake badala yake yeye. Alipotoa hii albamu alikuwa na miaka 27 tu, na wimbo unasikika umeandikwa na mzee wa 50 aliyekaa kwenye kaunta. Nilipousikia mara ya kwanza nilikasirika, nikasema huyu anatetea ujinga. Mara ya tatu au ya nne nikagundua kwamba hajitetei, kwa sababu anayejitetea anapandisha sauti, na yeye kaishusha. Pia ukiuweka pembeni ya On the Other Hand unaona kitu, yule wa wimbo wa kwanza aliona pete akarudi nyumbani, huyu wa wimbo wa tisa hakurudi. Ni kama mtu yule yule miaka 20 baadae.

Wa mwisho, There'll Always Be a Honky Tonk Somewhere, unasema baa za kantri hazitaisha kamwe duniani, ni wa kufungia usiku, watu wananyanyua glasi. Sawa tu. Baada ya Reasons I Cheat wowote ungeonekana mwepesi.

Nilisema nitarudi kwa Kyle Lehning. Sikiliza hii albamu kwa hedifoni nzuri halafu sikiliza kantri nyingine ya 1986, utasikia tofauti ya nafasi. Hapa kila chombo kina chumba chake, gitaa kavu pembeni, fidla inaingia kujibu mstari na kutoka, stili inavuta, besi inatembea, na katikati sauti peke yake bila kufunikwa na mwangwi mkubwa uliokuwa fasheni miaka ile. Ndio maana rekodi haijachakaa. Kinanda cha umeme na ngoma zile za kupasuka za miaka ya 80 zimezeesha albamu nyingi nzuri mpaka unaona aibu kumsikilizisha mtu, hii unaweza kumwekea mtu asiyejua chochote akadhani imerekodiwa zamani zaidi au juzi. Yeye na Randy waliendelea pamoja miaka mingi, na hata 2024, ulipotoka wimbo mpya wenye sauti ya Randy iliyotengenezwa kwa msaada wa akili mnemba, ni Lehning huyo huyo alikuwa kwenye meza ya studio.

Hiyo ya akili mnemba ilibidi kwa sababu 2013 Randy alipata kiharusi kilichomwondolea uwezo wa kuongea vizuri na kuimba. Sipendi kuisikiliza albamu kwa huruma, haihitaji, lakini siwezi kudanganya kwamba halimo kichwani. 2016 walipomwingiza kwenye Country Music Hall of Fame alisimama akaimba Amazing Grace, maneno yanatoka kwa tabu, ukumbi mzima machozi. Baada ya kuiona ile video nilirudi kwenye zile noti za chini kabisa za On the Other Hand na nikawa nasikia kitu ambacho zamani nilikuwa napitiliza, jinsi alivyokuwa anavuta pumzi kabla ya kushuka, kwa starehe kabisa, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake gizani.

Kuhusu kuipata, iko kwenye app zote za muziki. Kuna toleo la kutimiza miaka 35 lililotoka 2021, sauti imesafishwa bila kuharibiwa na wameongeza nyimbo tatu zilizokuwa zimefungiwa kabatini tangu enzi hizo. Ni nzuri kwa mpenzi wa kweli ila kama ndio mara yako ya kwanza simama kwenye ule wa 10, usiendelee, maana albamu ilipangwa iishie pale. Nzima ni nusu saa na kidogo tu. Mauzo yake ilifika platinamu mara tatu Marekani, yaani nakala milioni tatu, na ilikaa namba 1 kwenye chati ya albamu za kantri, kwa mtu aliyekuwa anaambiwa ni kantri sana.

Kwa maksi nampa 9 kati ya 10, ile moja imeliwa na Messin' with My Mind. Kama unaanza leo, isikilize usiku, upande wa kwanza wote bila kuruka, pumzika kidogo kama vile unageuza sahani, kisha 1982. Na ukifika Reasons I Cheat usiwe unafanya kitu kingine.